Kantini ya mama mukwe ndani ya muchanga

Kwanza nikwambie vile masini yangu inalia. Hapana lia kama simu, hapana lia kama mutoto. Inalia kama mbuzi yenye banakanyaga mukia. Siku ya kwanza niliiwasha mu parsele yetu, kiwanja ya nyumba, kule Butembo, kuku ya jirani ilitaga mbele ya siku yake, na moshi ya jikoni ikarudi ndani. Mimi nikawaza: basi, nimekuwa tajiri. Ililia pa mulango, nikachimba, musumari. Ililia chini ya avoka, nikachimba, kifuniko ya chupa. Ililia nyuma ya choo, pale nikachimba na roho yote mupaka choo ikaanza kuinama, nikapata kijiko yenye bibi yangu, mwenye nilioa, alikuwa ananishitaki kwa mama yake kwamba nimeiuzisha. Njo dhahabu yangu ya kwanza hapa duniani: kusikia bibi yangu anaomba musamaha.

Ile masini iko kama fimbo, na chini yake iko sahani. Unaipitisha polepole juu ya udongo, ikisikia chuma, inalia. Niliinunua kwa mutu mwenye alitoka nayo Uganda. Alisema inaona dhahabu hata chini ya kanisa ya matofali. Kuona, inaona. Mais inaona kwanza yote yenye haiko dhahabu. Mimi niko mutu wa moto, ile pikipiki, nabeba batu Butembo na Beni, darasa niliijulia ku dirisha, donc nilimwamini.

Muchanga wa kweli huku kwetu uko Mutwanga, chini ya milima, fasi muto inatoka mu mawe na inapanuka. Muchanga mweupe, mupana. Siku ya posho na ya yenga, mwisho ya wiki, bajeunes, vijana ya mutaa, banakuya na mikate na chupa, banalala pale matumbo juu, banasema beko plage, kama batu ya bahari. Maji ya ule muto inatoka ku barafu ya Ruwenzori; mutu akiingiza muguu, meno yake inaanza kuongea Kifaransa bila masomo. Njo pale nilienda kutafuta dhahabu, na njo pale nilijifunza kurudi bila kitu.

Kurudi bila kitu iko na ufundi yake. Usirudi haraka, batu batasema umefukuzwa. Usirudi pole, batasema umechoka. Rudi kama mutu mwenye eko na rendez-vous, banamungoja. Miguu uioshe ku muto, juu ukirudi na muchanga ku miguu, jirani atauliza. Na akiuliza, usiseme "nilikosa". Sema "tuko tunapima". Mutu mwenye anapima, hakuna mwenye anamuuliza amepata nini. Hata baingénieur banapima barabara yetu tangu nilikuwa natambaa. Na kile umepata, usitupe. Makopo ya sardine, misumari, maganda ya risasi, yote nilipelekea muhunzi. Alinitengenezea kisu. Nikamwambia bibi yangu: angalia, sasa tuko na kisu. Akasema ndiyo, sasa ulete nyama.

Hivi njo tulikuwa tunaishi na masini. Kisha mvua ikanyesha kule juu.

Ile mvua sitaisema mingi. Muto ilishuka na mawe makubwa kama pikipiki zimebebana, ikakula nyumba za Mutwanga kama mutu anakula mandazi. Mama mukwe wangu alikuwa juu ku shamba yake ya kakao, njo maana alipona. Alipotelemuka, fasi ya nyumba yake alikuta muchanga tu, umelala sawasawa, muzuri, kama kitanda yenye bametandika. Batu balikuwa banalia nyumba, banalia mbuzi, banalia batu. Yeye alisimama, akaangalia muchanga, akauliza: "Na kantini yangu?"

Kantini njo ile sanduku ya chuma, bluu, yenye maua ya rangi ya njano, na kufuli. Kila mama wa huku eko nayo. Mais ya mama mukwe haikukuwa ya kuweka nguo za kuvaa. Ilikuwa ya kuweka nguo za kufa. Mule ndani alikuwa amejipangia siku yake yote: pagne, kitenge ya bamama Bakatolika, blouse mweupe, kitambaa ya kichwa mweupe, rozari, na soksi, juu udongo ya Mutwanga, alisemaka, iko baridi. Kila Paska alikuwa anazitoa, anazianika, anazipiga pasi, anazirudisha. Jirani banapita banasalimia ile nguo kama banasalimia mutu. Mama ya kujipanga vile sijaona. Mimi hata harusi yangu sikuijipangia vile.

Shemeki mukubwa, mutoto wake wa kwanza, mwenye kuuzisha simenti kule Beni, alimuchukua akamupeleka kwake Bungulu, mutaa ya Beni. Kule miguu ya mama mukwe ikaanza kuvimba. Akalala nyuma ya rido, pazia ya chumba, akaita batoto wake wote, akasema neno yake. Kufa, hana shida, eko tayari hata leo. Mais hatakufa na nguo ya kuombaomba. Bamuletee kantini yake, avae yake, kisha atabaachia shamba ya kakao. Bila kantini, eko na nafasi, atangoja.

Hapa unisikilize muzuri, juu hapa njo mambo yote inageukia. Bashemeki zangu, mukubwa na mudogo, balikuwa banataka ile shamba kama mutu wa malaria anataka maji. Kakao ilikuwa imepanda bei, na mama hakukubali igawanywe eko na pumuzi. Donc batoto balikuwa banatafuta kantini ili mama afe vizuri. Na bibi yangu, dada yao, alikuwa anaomba Bikira kila asubui kantini isionekane, ili mama asife kabisa. Na mutu mwenye masini ni mimi.

Shemeki mukubwa alikuwa ananichekaka. Masini yangu alikuwa anaiita fimbo ya kipofu. Siku ile alipiga simu, sauti yake ilikuwa asali. "Shemeki, ile appareil yako inaendelea muzuri?" Kwa ile neno appareil nilijua mara moja kwamba eko na shida.

Tangu pale, kila posho, ni kusema Jumamosi, nilikuwa natoka Butembo kwa baridi, nashuka Beni, napita Bungulu kumubeba shemeki mudogo, tunaenda Mutwanga kuchimba. Siku barabara ilikuwa na habari mbaya ya bunduki, tulikuwa tunarudia njiani, na shemeki mukubwa anakasirika kama ni sisi tumeleta hiyo habari.

Shemeki mudogo njo alikuwa muchimbaji. Alikuwa anataka shamba yake ili aoe, na muchumba wake alikuwa amechoka kungoja. Mais kuchimba, hakujua. Alikuwa anachimba kama mutu anazika paka. Masini inalia, anachimba kidogo, anapumua, anauliza: "Iko yeye?" Nikamwambia chimba kwanza. Anachimba: sufuria yenye tundu. Inalia tena: manjanja, bati ya paa ya mutu, imekunjwa kama karatasi ya mandazi. Inalia: mukono ya masini ya kushona. Ile muchanga yote ilikuwa nyumba za batu. Kila fasi nilipitisha sahani, jiko ya mutu inalia, kitanda ya mutu inalia. Siku ingine ililia sana, mupaka nikasema ile sasa hapana kosa. Tulichimba mupaka jua ikachoka. Ilikuwa sanduku ya chuma ya kuchomea mikate na gato. Tulikaa juu yake, tukakula bukari yetu, ule ugali wa muhogo.

Bajeunes ya plage nao balirudi, juu kijana hata dunia iishe atatafuta fasi ya kulala na muziki. Balituona, mimi napitisha masini kushoto kuume, kushoto kuume.

"Papa, unapiga pasi muchanga?" mumoja akauliza.

"Napiga."

"Ukimaliza, kuko na shati yangu hapa."

Garde mumoja ya parc, mulinzi ya nyama ya pori, alishuka na bunduki, akatuuliza kama tunatafuta bomu. Nikamwambia hapana, mukubwa, tunatafuta nguo ya kufa ya mama mukwe wangu. Akaangalia sahani ya masini. Akasema: "Bora bomu." Akaenda zake.

Kurudi sasa. Bungulu, kama sikupata, bibi ya shemeki mukubwa alikuwa ananiwekea bukari kavu na muchuzi ya kuotesha, yaani unaiota tu. Shemeki mukubwa anakaa mbele yangu, anahesabu matonge yangu na macho. Alikuwa ameshanunua mbao za jeneza, anazikausha nyuma ya jiko, fasi mama mukwe anapita akienda kuoga. Mama mukwe aliziona. Akauliza ni za nini. Bakamwambia ni za kutengeneza kabati. Akazipima na jicho, akasema: "Hiyo kabati itanienea mabega?"

Kwetu mukwe hapana angalia mama mukwe usoni, na hapana ingia fasi analala. Donc nilikuwa nakaa upande huu ya rido, yeye upande ule, na mutu mwingine kati yetu wa kubeba maneno, hata kama tunasikiana vizuri. Nilikuwa nasikia kitanda inalia, kisha sauti yake.

"Mumuulize mukwe leo ameleta nini."

"Mumwambie mama, leo kifuniko ya sufuria."

"Mumwambie, akiendelea hivi nitakufa na jikoni kamili."

Na alikuwa anacheka, mupaka kikohozi inamushika. Mais kisha ya kucheka nilikuwa nasikia kwamba anataka nguo zake. Hakuwa anasema. Alikuwa anauliza tu, kila posho, leo nini. Mutu mwenye alijipanga maisha yote, anaanikia kifo yake nguo kila mwaka, na sasa analala ndani ya robe de chambre, nguo ya kulala ya bibi ya mutoto wake, yenye imeandikwa kifuani maneno hatukujua.

Nikifika Butembo, hapo ni mambo ingine. Bibi yangu ananiona niko na muchanga ku kichwa na mikono mitupu, uso yake inafunguka. Ananikaangia kuku. Nakwambia, mimi ni mwanaume mwenye alinenepa juu ya kukosa. Jirani balishangaa: huyu kila posho anaenda kushindwa, mais tumbo inaendelea mbele. Bibi ananiwekea paja, anasema, "Pole, bwana yangu, ni Mungu." Na mimi nakula, najisikia kama nimeiba. Juu nimetoka kumusikia mama yake nyuma ya rido.

Basi siku moja ya posho ikalia vingine.

Ilikuwa chini kidogo ya fasi nyumba ya mama mukwe ilikuwaka. Ililia murefu, bila kukata, mupana pande zote. Hata bajeunes balizimisha muziki. Shemeki mudogo alichimba mupaka kiuno, kwa mara ya kwanza bila kuuliza kama iko yeye. Kisha jembe ikapiga, ngoo. Akaondoa muchanga na mikono. Bluu. Ua ya njano. Kufuli imekula kutu.

Alikaa chini ndani ya shimo. "Basi," akasema, "mama amekufa."

"Hajakufa. Tumepata kantini."

"Njo ile ile," akasema, na akaanza kulia na kucheka pamoja, mutoto mubaya ule, nikamupa maji.

Sasa mutu wa fasi ingine atauliza: kwa nini hamukufungua pale pale, muone ni yake ao si yake? Kantini za huku zote bluu, zote maua njano, zinatoka ku soko moja. Ndiyo, tulijua. Mais ndani ya kantini ya mama kuko nguo zake za ndani pia, zile za kumuvalisha. Mutoto mwanaume hapana gusa. Mukwe, hata kuota hapana ota. Hata tungejua kwamba ndani iko almasi na juu yake nguo ya ndani ya mama mukwe, almasi ingeoza. Tuliifuta muchanga nje, tukaifunga ku moto na kamba, nzito kama ng'ombe amekula simenti, juu imejaa maji na udongo, tukaondoka. Shemeki mudogo alikaa nyuma anaikumbatia.

Ku barrière ya barabara, soldat, askari jeshi, alitusimamisha. Kijana, mutu wa mbali, anaongea Lingala.

"Fungola," akasema, na akaonyesha kantini na midomo.

Nikamwambia haifunguki. Akauliza ndani iko nini. Nikasema nguo. Akasema nguo ya nani, mbona nzito hivi, labda ni silaha. Benzake bakasogea. Shemeki mudogo akashuka ku moto, akalala juu ya kantini na tumbo, mikono wazi, kama kuku juu ya mayai. Hapo nikaona tumekufa.

"Mukubwa," nikasema, "ni nguo ya mama mukwe wangu. Za ndani."

Akaniangalia. "Bokilo na yo?"

"Ee. Bokilo, mama mukwe."

Akarudi nyuma, mbali kabisa, akaficha hata mikono yake. "Pita," akasema. "Pita na bokilo yako. Mimi sijaona kitu."

Kama yule soldat angekuwa yatima wa bakwe, angefungua, na hadisi hii ingekuwa fupi.

Tulifika Bungulu, mutaa muzima ikatoka. Bamama balipiga vigelegele, mais kati kati bakakumbuka ni kantini ya kufa, bakanyamaza, kisha bakapiga tena. Shemeki mukubwa alinipiga mukono ku bega, akaniita kaka, kitu sijasikia tangu nioe. Banawake balibeba kantini nyuma ya rido. Bibi yangu alikuwa pale, alikuwa amekuya kumuogesha mama yake ile wiki. Macho yake hayakuniangalia. Yeye peke yake hakupiga vigelegele. Balivunja kufuli na mutwangio. Tukasikia kifuniko inalia. Tukasikia maji inamwangika.

Shemeki mukubwa hakungoja. Alikuwa ameshatoka nje na simu anaita fundi wa mbao.

Mimi nilibaki upande huu ya rido. Kitanda ikalia. Sauti ya mama mukwe ikakuya, pole, bila kupitia mutu.

"Mukwe. Aksanti. Ni yangu."

Nyuma ya jiko bibi yangu alinishika ku shati. Akasema mule ndani hakuna pagne ya bamama, hakuna blouse, hakuna rozari. Kuko robe ya ndoa, gauni ya bibi-arusi. Robe moja kubwa, ya lace, na mukia murefu, imekula maji mupaka imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Na yeye ameona?"

"Ameishika na mikono mbili. Amesema ni yake."

"Umemwambia si yake?"

"Nimemwambia. Amesema: batoto wangu bamechoka kungoja. Hata mukwe anazeeka ku muchanga. Muioshe."

Baliiosha, baliianika ku kamba nyuma ya nyumba, juu ya zile mbao. Haikurudi mweupe. Shemeki mukubwa alipita chini yake kila siku akienda kuuzisha simenti, hakuinua kichwa, juu kwake zote zilikuwa nguo za kantini tu. Mama mukwe aliacha kula. Hakugonjwa zaidi; aliacha tu, kama mutu anashusha muzigo. Mbele wiki iishe, alikufa muchana, bibi yangu anamuchana nywele.

Bibi yangu na bawifi yake balimuvalisha. Zipu ya nyuma haikupanda, mwili ilikuwa imevimba, bakaiacha wazi, bakaficha na kitambaa. Shemeki mukubwa alimuona mara ya kwanza ndani ya jeneza, tuko tayari kumupakia ku pickup kwenda kumuzika Mutwanga. Akasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kantini," bibi yangu akasema. "Alisema ni yake. Bwana yangu alimusikia."

Angesema nini? Alikuwa ameshatangazia Beni muzima kwamba kantini ya mama imeonekana. Akapanda mbele na chauffeur.

Mutwanga kilio ilikuwa kubwa. Bamama bakapanga mustari kupita kuaga. Wa kwanza akafika ku jeneza, akaangalia, akaweka mukono ku mudomo, akapita haraka. Wa pili vilevile. Wa tatu mabega ikaanza kutikisika. Mimi nikasema, angalia vile balimupenda. Kisha nikasikia mumoja ananong'ona kwa mwenzake: "Hapa ku mukono, njo mimi niliichoma na mushumaa siku ya ndoa yangu."

Kumbe ilikuwa robe ya kukodisha. Mutwanga kulikuwa na mama mumoja, mwembamba, mwenye alikuwaka anakodisha robe za ndoa, na hii njo ilikuwa kubwa yake. Nusu ya banawake ku ile mustari baliolewa ndani yake. Kila mumoja alikuya kulia mama mukwe wangu, akakuta anavaa harusi yake. Bengine balilia kweli. Bengine balikuwa banauma kitambaa ili cheko isitoke. Kuna mama alibidi atolewe inje, bakasema amezimia, mais mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nilimuona: alikuwa anajipiga ku ukuta anacheka.

Kisha mwenyewe akafika. Kila mutu akamuachia njia. Ile maji ilimubeba nyumba na robe zote, na tangu pale alikuwa anakaa kwa dada yake hana kazi. Alisimama pale ku jeneza. Shemeki mukubwa, neno limeshamufikia, akasogea, anavuja jasho.

"Mama, pole. Tutaitoa. Tuko na pagne, tutamubadilisha sasa hivi."

Alikuwa anasema kweli. Alikuwa ameshaita banawake. Bibi yangu akakaa juu ya ukingo wa jeneza na matako yote, akashika mbao, akasema batamutoa yeye kwanza.

Mama wa marobe hakumuangalia shemeki. Aliangalia jeneza.

"Nani ataolewa nayo sasa?" akasema. Kisha akasema: "Huyu alikuwaka anakuya kuiangalia. Nikiianika, anasimama ku uzio ya lupango, anauliza inaenea mwili gani. Namwambia yako imeshapita, mama, wewe balikuolea mbuzi tu, siku ya mvua, bila robe. Anacheka, anaenda." Akafuta pua. "Basi ameipata. Aende nayo. Mais kantini ni yangu."

Shemeki mukubwa alikuwa amerudi kukaa juu ya ile kantini, yenye tulikuwa tumeileta pamoja na jeneza.

"Simama," akamwambia.

Akasimama. Mama wa marobe akaibeba ku kichwa, tupu, akaondoka nayo mbele tuzike. Ilikuwa inalia ku kila hatua.

Bashemeki zangu baligawanya kakao mbele ya moto ya kilio haijazimika. Bakapanda miti ya mupaka, bakabishana juu ya muti moja, bakapigana makofi, bakapatana. Shemeki mudogo alioa. Shemeki mukubwa hanipigii tena simu, na nikisikia jirani zake, masini yangu imerudi kuwa fimbo ya kipofu. Mimi niliifunga na mufuko nikaiweka juu ya kabati, nikasema kazi imeisha.

Posho iliyofuata bibi yangu aliishusha mwenyewe, akaifuta vumbi, akaiweka ku moto yangu.

"Uende," akasema.

"Wapi?"

"Kule. Kantini yake iko bado pale."

Ule ule mwenye alikuwa anaomba Bikira nisipate, sasa anaomba nipate. Anasema mama anakuya mu ndoto, amesimama ku mulango na ile mukia ya robe imelowa. Donc naenda. Nikirudi na mikono mitupu, kuku hakuna tena. Iko sombe tu, majani ya muhogo, na anaweka sahani mbele yangu kama mutu anaweka jiwe. Tumbo imerudi nyuma. Nimemwambia kwamba muto inahamisha bitu, kwamba labda nguo ya kantini iko sasa Uganda inavaliwa na mutu. Hakucheka. Mimi mwenye nachekeshaka hata ku morgue, mbele ya maiti.

Posho yenye imepita ililia fasi moja, murefu, mupana. Nilichimba peke yangu. Bajeunes bamekwisha kunizoea, hata bananiachia mukate. Nilichimba mupaka kifua. Ilikuwa mulango ya chuma, nzima, na funguo ndani yake. Nilikaa juu ya ule mulango, nikakula ule mukate, nikaona kwamba siku ile nilikuwa nimeogopa. Niliogopa iwe kantini.

Nikafika nyumbani, bibi yangu anachambua maharagi. Nikamuuliza vile nilikuwa nimejiuliza njia yote, tangu juu ya ule mulango.

"Nikiipata, tutaipeleka wapi? Yeye ameshavaa."

Akatoa jiwe ndogo mu maharagi, akalitupa inje.

"Sijui. Wewe tafuta."